Ikiingia, Ni Yake

Kwa miaka mingi nilikuwa na kipimo kimoja tu cha betri: ikiingia, ni yake. Springi ikibonyea na kifuniko kikakaza, basi ndoa imefungwa.

Kipimo hiki kilinifaa mpaka nilipochoka kutupa betri. Nilikuwa na tochi ndogo inayokula tatu kwa mpigo, zile nyembamba za rimoti, zinazopangwa kwenye kijikopo cha plastiki kama risasi. Nikanunua betri nne za kuchaji pamoja na chaja ya bei ya huruma, yenye taa moja nyekundu ambayo haikuwahi kusema lolote zaidi ya kwamba imechomekwa ukutani.

Chaja ile ilichaji mbilimbili. Ukiweka moja peke yake, haiwaki. Tochi inataka tatu, chaja inataka mbili au nne. Ni wazi kwamba waliozitengeneza hawajawahi hata kusalimiana. Betri ya nne ndiyo ingekuwa suluhisho, ila ilikwisha kuolewa na rimoti na mke wangu alikataa talaka.

Nikaihurumia ile ya tatu. Nikapekua droo, nikaitafutia mwenzake: betri ya kawaida ya alkalini, imejilalia humo tangu sijui lini. Ikaingia. Nikaenda kulala nikijiona mshenga hodari.

Asubuhi nikakuta bwana harusi ametapika. Majimaji yametambaa mpaka kwenye vyuma vya chaja, nami nikayafuta kwa kidole kama mtu asiye na wazazi. Kidole kikateleza kama chenye sabuni, nikashangaa, kisha kikaanza kuwasha. Kumbe ile ni alkali kali, na ule utelezi ni ngozi yangu mwenyewe inayogeuzwa sabuni.

Mpwa wangu, kijana anayefungua vitu vizima na kuvirudisha vikiwa bado vizima, alisafisha vyuma kwa pamba yenye siki kidogo, akanigeuzia ile betri ya alkalini.

“Mjomba, hapa pameandikwa isichajiwe.”

“Kwa maandishi haya? Yameandikiwa sisimizi.”

“Na chaja yenyewe itupe. Tafuta yenye taa kwa kila nafasi, ichaji moja moja na ijue ipi imejaa.”

Hapo nilimtii. Nilipata chaja ya maana, nafasi nne, kila moja na taa yake, na inachaji aina zote, za nikeli na za lithiamu. Nikapata pia tochi mpya, urefu wa kidole, inayotumia betri moja tu ya AA, ili nisirudi tena kwenye mambo ya ndoa za watu watatu. Kama ningeishia hapo, mngekuwa mnasoma kitu kingine sasa hivi.

Lakini mbele yangu kulikuwa na betri mbili zenye umbo lilelile. Ya kwanza, ya nikeli, imeandikwa 2000. Ya pili, ya lithiamu, imeandikwa kwa tarakimu nene za dhahabu: 14500.

Sikuuliza mtu. Mwenye bahati haulizi. Elfu mbili dhidi ya elfu kumi na nne na mia tano! Tena ile ya kwanza ilikuwa ya volti 1.2, na hii volti 3.7. Nikapiga hesabu: nguvu mara saba, mwanga mara tatu. Nikaijaribu ndani ya tochi. Ikaingia. Nikaichaji usiku ule mpaka taa ya chaja ikawa ya kijani, nikairudisha kwenye tochi bila kuiwasha, maana kitu cha heshima huzinduliwa siku ya heshima.

Siku ya heshima ilikuja na baba mkwe. Tuko sebuleni, mazungumzo yameanza kunoga, mara nyumba nzima giza. Swichi kuu imejikata. Watoto wakapiga kelele za hofu. Mimi, Mungu anisamehe, nilitamani kupiga kelele za furaha.

“Mkwe, pana taa humu?” sauti ya mzee ikatoka gizani.

“Ipo, Baba. Njoo uone.”

Tukapapasa hadi kwenye boksi la umeme. Kwa kuwa nilihitaji mikono yote miwili, nikaibana tochi kwa meno, nikabonyeza.

Jamani. Ukuta uligeuka mchana. Niliona nyufa ambazo fundi rangi aliapa hazipo. Nikamgeukia baba mkwe anione nilivyo mwanamume wa kutegemewa, na mwale ule ukamkamata usoni.

“Geuza! Geuza, mwanangu, nimekwisha kukuona!”

Nikageukia boksi. Mwanga ukaanza kuingia ubluu, nikadhani ni ubora. Kisha midomo ikapata habari ambayo macho hayakuwa nayo: chuma kinachemka. Nilitaka kuitema, lakini mtu hatemi kitu mbele ya mkwewe. Nikavumilia. Nikatafuta swichi kwa vidole huku nikipumua kupitia puani kama fahali, harufu ya plastiki ikanipanda kichwani, na tochi, bila kuaga, ikazimika. Hapo niliitema. Mila zina mpaka.

Kimya. Halafu mzee akawasha simu yake, akainua swichi kwa kidole kimoja, umeme ukarudi. Akanitazama mdomo. Hakusema neno, na afadhali angesema.

Kesho yake mpwa wangu aliitoa ile betri kwa tahadhari, akaitazama kama haijavimba, akaiweka mbali kwenye kigae.

“Mjomba, hii 14500 unajua ni nini?”

“Nguvu,” nikasema, ingawa kwa mdomo ule ilitoka “nghufu.”

“Ni kipimo cha mwili. Milimita 14 upana, milimita 50 urefu. Hiyo sifuri ya mwisho ni ya kusema tu kwamba ni ya mviringo. Nguvu yake iko hapa pembeni.” Akanionyesha kwa kucha: miliampea-saa 800. “Sasa zidisha kwa volti. 800 kwa 3.7, ukigawa kwa elfu, inakuja karibu wati-saa 3. Ile 2000 kwa 1.2 ni 2.4. Hujapata mara saba, Mjomba. Umepata kidogo tu cha zaidi, ila umekisukuma chote kwa mkupuo.”

Akaendelea, na mimi sikuwa na mdomo wa kumkatisha. Tochi ile ilitengenezwa kwa volti 1.5, na betri ya nikeli yenye 1.2 inaipokea bila ugomvi. Lithiamu ikijaa haibaki 3.7; inafika 4.2. Zipo tochi zinazokubali zote mbili, nazo huandikwa hivyo. Yangu haikuandikwa.

“Lakini iliingia,” nikasema.

“Hata mguu unaingia kwenye ndoo, Mjomba.”

Siku hizi natumia za nikeli, zile zinazouzwa zikiwa na chaji tayari, ambazo zinaweza kukaa droo mwaka mzima na bado zikawasha tochi. Ile 14500 alikwenda nayo mpwa wangu. Anayo tochi yake, anasema zinapatana.

Baba mkwe alirudi baada ya miezi miwili. Kabla hata ya kukaa, alitoa mfukoni tochi yake mwenyewe, nzee, nzito, iliyokwanguka rangi, akaniwekea kiganjani na kuvikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja.

“Umeme ukikatika, mkwe,” akasema, “unaishika hivi.”