Mnara wa askari kijijini: majina kwanza, sanamu tuiache

Kijiji chochote cha Katanga kikianza kuzungumzia mnara wa vijana wake waliofia vitani, mtu wa kwanza kusimama huomba sanamu: askari mwenye bunduki, tena wa shaba, kwa kuwa sisi ndio wenye shaba. Mimi napinga. Kijiji kinahitaji majina, na yaandikwe kwa namna ambayo fundi wa palepale anaweza kuyasahihisha na kuyaongeza bila kumngoja mtu atoke Lubumbashi.

Sanamu tumeziona. Dar es Salaam kuna askari wa shaba nyeusi aliyesimamishwa mwaka 1927, na chini yake maneno ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Jina la askari hata mmoja halimo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, walikumbukwa bila majina au hawakukumbukwa kabisa. Upande wetu hali si bora. Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Wabelgiji, iliingia Tabora Septemba 1916, mizigo ikiwa vichwani mwa wapagazi zaidi ya 200,000. Jenerali Tombeur, kamanda wao, alipata ubaroni wenye jina la Tabora ndani yake. Wapagazi wengi hawakupata hata mstari daftarini.

Tena, ukiandika juu ya jiwe "kwa heshima ya Force Publique", hapa Lubumbashi utakuwa umeanzisha ugomvi. Jeshi hilohilo lililowafanya Waitaliano wasalimu amri huko Saio, Ethiopia, Julai 1941, ndilo lililowapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, waliogoma Elisabethville (ndiyo Lubumbashi ya leo) Desemba mwaka huohuo. Mtu mmojammoja akumbukwe. Jeshi zima lina mashahidi wake.

Ugumu wenyewe uko kwenye swali la nani aingie. Kujitenga kwa Katanga kulianza tarehe 11 Julai 1960 kukaisha Januari 1963. Baadhi ya majandarme, yaani askari wa Katanga hiyo iliyojitenga, wakakimbilia Angola, na wenzao wakarudi na silaha mwaka 1977, kisha 1978 hadi Kolwezi. Kuna nyumba ambamo kaka alikuwa jeshi la Leta, yaani la serikali, na mdogo wake jandarme. Andika "mashujaa wa taifa", nusu ya kijiji itakaa pembeni siku ya uzinduzi. Andika "mashujaa wa Katanga", Leta atakuja kuuliza. Dawa ni kutoandika upande wowote: jina, mwaka, mahali alipoanguka. Saio, Kolwezi, Goma, basi. Mpaka ninaouweka ni mmoja tu: aliyemwaga damu ya watu wa kijiji hikihiki hawekwi, hata kama alikuwa na vyeo.

Orodha ndiyo inayokula muda kuliko zege. Makarani wa Force Publique mara nyingi waliandika jina moja tu na namba ya askari, kwa tahajia waliyoisikia wao. Halafu ikaja 1972, majina ya Kikristo yakapigwa marufuku, kwa hiyo mtu aliyebatizwa kwa jina hili anaonekana kwenye kitabu cha jeshi kwa jina lile. Chukueni yote: daftari la ubatizo parokiani, kitabu cha jeshi, faili la mjane kama lipo, na jina ambalo mama yake alimwita. Jiwe libebe jina alilojulikana nalo kijijini. Mengine yabaki katika daftari la kamati. Orodha isomwe barazani, kisha ibandikwe kwa chifu miezi miwili kabla ya herufi ya kwanza kukatwa.

Kuna familia ambazo hazikuletewa maiti wala barua. Kwao, kuandika jina ni kutangaza kifo. Mama akikataa, akatazamwe kama mama na nafasi ya mwanawe iachwe wazi. Na wajane waambiwe mapema kwamba kibao cha kijiji si cheti, hakifungui pensheni.

Sasa ujenzi. Shaba isiguswe. Kibao cha shaba kando ya barabara hakimalizi masika, wanunuzi wa mitraye, vyuma chakavu, wanakijua bei yake kuliko sisi. Marmo (marumaru) nayo ni chokaa iliyoganda, maji ya mvua yanaila taratibu na herufi nyembamba hutangulia. Rangi juu ya ukuta hudumu mvua mbili. Granite ni nzuri, lakini kosa moja la tahajia linakutaka ununue jiwe jipya. Ninachopendekeza ni nguzo pana ya zege yenye vibao vidogo vya zege, jina moja kibao kimoja.

Nguzo iwe na urefu wa mita 1.8 juu ya msingi, upana sentimita 80, unene 20, na sentimita 50 zaidi ziingie ndani ya msingi. Shimo la mita 1.6 kwa 1, kina sentimita 80, na zege ya sentimita 30 chini. Usichimbe juu ya kichuguu cha zamani hata kama kinapendeza kwa kuinuka: udongo wake hufura mvua ikija na kunywea kiangazi, na nguzo itainama. Zege ni ndoo moja ya simenti, mbili za mchanga, tatu za kokoto, na maji lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, pungufu kama mchanga una unyevu. Kwa hesabu hiyo mifuko sita ya simenti inatosha msingi na nguzo. Nunueni minane, vibao vitakula iliyobaki. Nondo za milimita 10 zikae sentimita 4 ndani ya zege kila upande. Zikikaribia uso zitapata kutu, kutu itavimba, na miaka michache baadaye zege itapasuka wima kufuata nondo. Minara mingi ya zege hufa kwa ugonjwa huo.

Jengeni Juni, visima vikiwa bado na maji, kwa sababu zege inataka kuloweshwa siku saba chini ya magunia. Usiku wa Juni huku ni baridi na zege hukaza polepole, kwa hiyo mbao za kofraje, zile zinazoshikilia zege mpaka ikaze, zisitolewe kesho yake, zingojee siku mbili au tatu.

Kibao kina sentimita 70 kwa 8, unene 3, uzito karibu kilo 4. Herufi zikatwe kwenye soli za kandambili kuukuu, urefu sentimita 2.5, zigandishwe chini ya kisanduku cha mbao zikiwa zimegeuzwa kama zinavyoonekana kwenye kioo. Hapa ndipo watu wanapoharibu. A, M, T na O hazimsaliti mtu, lakini N, S na Z zikisahaulika jina linatoka kinyume. Wekeni kioo halisi mbele ya kisanduku, na asome mtu asiyezikata herufi. Pakeni mafuta ya kupikia kidogo. Oili chafu ya gari inaacha madoa. Mchanganyiko wa kibao uwe simenti moja kwa mchanga laini mbili, ugongwegongwe hadi mapovu yaishe.

Kibao hicho kinabeba herufi 28 hivi pamoja na nafasi, na mwaka na mahali vimo. Tafuteni jina refu kuliko yote kabla ya kukata chochote, maana anayeanza na mafupi hukwama kwenye la mwisho na kulikata kama mkia. Upande mmoja unabeba vibao 15. Vipangwe kwa alfabeti, kolonel akae chini ya soldati herufi zikitaka hivyo. Mstari mmoja uwe wa wapagazi, hata kama kijiji kinakumbuka idadi yao tu. Nafasi zilizobaki zisizibwe: vita vya Mashariki mwa Kongo vinaendelea kuchukua watoto wa huku.

Mahali, ombeni uwanja wa baraza la chifu. Ukijenga kwa Wakatoliki, Wagaranganze (Waprotestanti wa kanisa la Garenganze) na Wamethodisti watapita bila kusimama, na kinyume chake pia. Nyasi zifyekwe mita tano kuzunguka kabla ya moto wa Agosti, la sivyo upande wa upepo utakuwa mweusi.

Usafi ni maji na brashi ya nyuzi, si ya waya. Adui mkubwa ni rangi. Mkubwa akitangaza ziara, kuna mtu lazima atokee na kopo la nyeupe, na mipako mitatu ikishakauka humo hakuna anayesoma kitu. Kisanduku, soli zilizokatwa na daftari vikae kwa mwandishi wa kijiji, na funguo mbili kwa watu wawili wasio wa nyumba moja.