Mchezo wa bure unaokamua mifuko

Hii michezo ya simu inayoitwa ya bure imenichosha. Mtoto anacheza vizuri, ghafla anakwama, na papo hapo kinamwaka kisanduku: nunua almasi, ofa inaisha baada ya dakika kumi! Almasi zenyewe, yaani sarafu ya humo mchezoni inayonunuliwa kwa pesa halisi, zinauzwa kwa mafungu yasiyolingana na bei ya kitu chochote humo ndani, ili zibaki mbili tatu zisizotosha, ukaongeze nyingine. Watu wazima wamekaa ofisini wakapanga mtego huu kwa ajili ya mtoto wa darasa la tatu! Ubelgiji ilishatamka mwaka 2018 kwamba masanduku ya bahati ya kulipia kwenye michezo, yale unayonunua bila kujua ndani kuna nini, ni kamari. Kwetu Tanzania mtoto haruhusiwi kubeti, lakini kwenye simu ya mama yake nani anamzuia? Watengenezaji wa michezo hii waandike bei kwa shilingi, na hizo saa za kutishia waziondoe.