Ukakasi wa ganda la komamanga

Bibi yangu alikuwa akikausha maganda ya komamanga juani mpaka yawe magumu kama ngozi ya ngoma. Fizi zikituvimba, alichemsha konzi moja mpaka maji yakawa kama chai kavu iliyokolea, kisha tukasukutua. Ulimi wote ulishikwa na ukakasi.

Hapa Unguja madaktari wengi hawataki kuyasikia haya, na hoja yao ni nzito. Dondoo ya matunda, yaani maji yake yaliyokamuliwa, kuua bakteria kwenye sahani ya maabara si ushahidi wa tiba; hata jiki inaua. Nguvu ya antibayotiki hupimwa kwa maikrogramu ndani ya mililita moja. Dondoo nyingi huhitaji miligramu, na miligramu moja ni maikrogramu 1,000, yaani dondoo ni dhaifu kwa kiasi cha mara elfu. Hata ukinywa birika zima, tanini za komamanga, yaani kemikali zinazoleta ukakasi, haziingii kwenye damu zikiwa nzima, maana bakteria wa utumbo huzivunja. Kwa hiyo anayeyauza maji hayo kama dawa ya homa ya matumbo anahatarisha maisha ya watu.

Lakini bibi hakuwahi kututibu damu. Alitibu fizi, na hapo ile elfu moja inapoteza uzito wake, kwa sababu maji mazito yanagusa kidonda chenyewe. Ukakasi ule ni tanini zikishikana na protini za mate; ndivyo zinavyoshikana pia na protini za bakteria. Tena tanini hizo huyeyuka katika maji, kwa hiyo sufuria yake ilitosha bila spiriti ya kukamulia ya maabara. Na yapo majaribio madogo ya watu kusukutua kwa komamanga yaliyoonesha utando wa meno ukipungua.

Leo fizi ikiuma kidogo tu, mtu ananunua vidonge vinne vya antibayotiki ya amoksilini dukani, akipata nafuu anaacha, na ndivyo bakteria wanavyoizoea dawa. Mwaka 2019 usugu wa bakteria kwa dawa uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani. Jipu la jino lenye homa ni la hospitali, hilo halina mjadala. Fizi iliyovimba kidogo je?

Kinachonisumbua mimi ni konzi. Ya bibi si ya jirani, na ganda la mti huu si la ule. Maabara zetu ziipime konzi hiyo ikiwa imechemshwa kwa maji, kama inavyotumika majumbani, badala ya kuikamua kwa spiriti ambayo hakuna mgonjwa anayeisukutua.