"Nina mawazo" si wazimu

Nimesoma makala kuhusu afya ya akili ya watu weusi. Mwandishi wake anataja kwamba watu weusi England hulazwa kwa lazima, chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 1983, kwa kiwango kinachozidi mara tatu kile cha weupe. Kisha anakimbilia kulaumu "mila" zetu, kwamba tunaficha wagonjwa. Hapo tunaachana.

Shangazi yangu, mzaliwa wa Tanga anayeishi London, alipofiwa na mume alimwambia daktari moyo unamwenda mbio, kichwa kimejaa mawazo. Akapimwa moyo, akarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Kwetu mtu akisema "nina mawazo" jirani keshaelewa, anavuta mkeka akae naye. Na si Waswahili tu: Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda alianzia hapo hapo mwaka 2006, akawafunza mabibi wazee wa mitaa ya Harare kuketi benchini na wenye dhiki. Utafiti wa 2016 ulionyesha wenye dhiki hao walipata nafuu zaidi kuliko waliotibiwa kikawaida.

Sikatai, wagonjwa tunawaficha, wengine tunawazungusha kwa waganga hadi mambo yanaharibika. Lakini anayeogopa kufungiwa, hospitali ataiendea lini?