Faini Inaenda Serikalini, Aliyepigwa Anabaki na P3

Hakimu wa Kenya akiruhusu mlalamikaji na mshtakiwa wapatane, watu husema haki imeuzwa. Wana sababu. Kaskazini Mashariki, maslaha, yaani mapatano ya kimila yanayosimamiwa na wazee, yamewahi kuzima kesi za watoto walionajisiwa: familia inalipwa, mtoto haulizwi. Na mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali hata shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kulipana fidia ya mifugo.

Kifungu cha 176 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kinachomruhusu hakimu kupatanisha, hakikuandikiwa mambo hayo. Kinahusu shambulio la kawaida na makosa mengine madogo ya kibinafsi, na masharti ya mapatano ni lazima yakubaliwe na mahakama.

Chukua wapangaji wawili wa ploti moja waliopigana kwenye foleni ya maji. Aliyepasuliwa mdomo amepewa namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, daktari amemjazia P3, fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha, kisha zinaanza safari za kortini. Leo faili haionekani, siku nyingine shahidi hakuja, kesi itatajwa tena mwezi ujao. Kila safari inamla nauli na kibarua cha siku nzima. Hatimaye mwenzake anapatikana na hatia na kupigwa faini, na faini hiyo, yote, inaingia serikalini. Aliyeshonwa mdomo ameshinda kesi na bado deni la dawa ni lake. Ndiyo, hakimu anaweza kuamuru afidiwe, ila mlalamikaji asiye na wakili atajuaje kwamba hilo linaombwa? Mshtakiwa akikosa faini anaenda jela, na hapo hata wa kudaiwa hayupo. Hiyo ndiyo haki tunayoogopa isiuzwe?

Shinikizo ndilo linalonitia wasiwasi kweli: mke aliyepigwa na mume anayemlisha, au mpangaji aliyezabwa kofi na mwenye nyumba. Karatasi yenye sahihi mbili haitoshi. Hakimu amwite mlalamikaji kando, bila mshtakiwa wala wazee, amuulize nani alileta wazo la kupatana na pesa ziko wapi. Kifungu chenyewe kinaruhusu kesi isimamishwe tu badala ya kufutwa, kwa hiyo faili linaweza kubaki wazi mpaka shilingi ya mwisho imfikie aliyeumizwa.