Kura ya Athens na kura yetu

Mitume walipotafuta wa kuziba nafasi ya Yuda, walipiga kura, nayo ikamwangukia Mathiya. Hakuna aliyefanya kampeni. Ile ilikuwa kura ya bahati, na ndiyo maana ya asili ya neno hili tulilolitoa kwenye Kiarabu. Waathens wa Ugiriki ya kale, karne ya 4 KK, wangetuelewa vizuri zaidi kwa maana hiyo kuliko kwa masanduku yetu ya leo.

Tunapenda kusema demokrasia tumeirithi kwao. Lakini kwao uchaguzi ulinukia utawala wa wachache: hushinda mwenye jina, fedha na ulimi. Baraza la watu 500 na vyeo vingi vya serikali vilijazwa kwa bahati, kwa mwaka mmoja tu. Waamuzi wa mahakama waliwapata kwa jiwe lenye vijitundu safu kwa safu. Raia anachomeka kibao chenye jina lake, kisha gololi zinashushwa kwenye bomba ubavuni. Ikitoka nyeupe, safu nzima inaingia kazini. Ikitoka nyeusi, rudini nyumbani. Na gololi huihongi.

Palipobaki kura ya kuandika, kama ile ya kuandika kwenye kigae jina la mtu wa kufukuzwa mjini, wajanja walipenya. Katika kisima karibu na kilima cha Akropoli vilipatikana vigae 190 vya kumfukuza mwanasiasa Themistocles, vimeandikwa na mikono michache tu. Kura zilikuwa tayari, zikingoja wa kugawiwa!

Hata hivyo bahati haijui vita, ndiyo maana majenerali 10 walichaguliwa. Wanawake, watumwa na wageni hawakuwa na kibao cha kuchomeka. Na baraza la mahakama lililopatikana kwa bahati ndilo lililomhukumu Socrates kifo mwaka 399 KK.

Ireland walijaribu njia ya kati. Mwaka 2016 raia 99 waliokotwa kwa bahati wajadili utoaji mimba, jambo ambalo wanasiasa walilikwepa kwa miaka. Wao walipendekeza tu. Wananchi wote wakaamua kwa kura ya maoni mwaka 2018.

Bunge zima la bahati mimi silitaki. Ninachokitamani ni kingine: Athens, aliyemaliza muda wake wa cheo hakuruhusiwa kusafiri nje wala kugawa mali yake mpaka hesabu zake zikaguliwe, na wakaguzi wenyewe walipatikana kwa bahati. Hakujua nani angefungua daftari lake.