Usiku Nilipowinda Nyani Bondeni Douro

Kosa langu lilianzia mezani. Mwanafunzi mwenzangu wa Porto alikuwa amenialika kwao, karibu na Pinhão katika Bonde la Douro nchini Ureno, nisaidie mavuno ya zabibu, nami wakati wa chakula cha jioni nikawaeleza wenyeji wangu kwamba Kireno hakinipi shida, kwa kuwa Waswahili tulikikopa zamani: meza ni neno lao, pipa ni lao, leso ni lao, na hata huo mvinyo tuliokuwa tukinywa tunauita kwa jina lao. Baba mwenye shamba alifurahi mno, na tangu hapo akawa anazungumza nami kwa kasi ileile anayozungumza na majirani zake.

Usiku wa kwanza nilipata sifa. Tulijipanga ndani ya lagari, yaani birika pana la mawe, tukashikana mabega na kukanyaga kwa kuhesabiwa hatua, kushoto, kulia, zabibu zikitufika mapajani. Mguu wa mtu huipasua zabibu bila kuisaga mbegu, ambayo ikisagika huutia mvinyo uchungu. Saa mbili zilipokwisha, kodiani ikapigwa, tukaruhusiwa kucheza humohumo ovyo, na kucheza ovyo, bila kujisifu, nakuweza.

Siku ya tatu maji ya zabibu yalikuwa yamechachuka, na gesi ikayainua maganda yakatanda juu kama blanketi zito. Maganda hayo ni lazima yazamishwe mara kwa mara, mchana na usiku, kwa sababu ndiyo yenye rangi na ule ukakasi unaouwezesha mvinyo mwekundu wa huko kukaa miaka 15 au 20 ukizidi kuwa mtamu kunyweka. Yakiachwa yakauke, utavuna siki. Zamu yangu ilikuwa saa nane usiku. Nilikuwa nikisinzia mlangoni mzee alipopaza sauti: "Macacos! Depressa!"

"Depressa" ni haraka. "Macacos" nililijua kwa picha yake katika kitabu chetu cha Kireno: nyani. Sasa mimi ni mtoto wa Lushoto, niliyemaliza likizo nyingi za shule nikilinda mahindi. Ukinitajia nyani karibu na mazao, sihitaji maelezo zaidi. Nilikwapua gongo refu lililoegemezwa ukutani, lenye vijiti vilivyopachikwa kama misalaba upande wa chini (nikastaajabu jinsi watu hawa walivyojiandaa), nikatoka mbio peku. Kwamba nyani hulala usiku, sikukumbuka.

Nilipiga mayowe ya nyumbani kwetu, nikishuka matuta ya mizabibu moja baada ya jingine, mbwa wa bonde zima wakiniitikia. Tuta la nne lilinishinda. La tano nililifikia kwa makalio.

Huko ndani, familia nzima ilikuwa ikitafuta gongo lao. "Macaco" ndilo jina la kifaa cha kuzamishia maganda, na mzee alikuwa ameniagiza nilete mawili yaliyokuwa hatua tatu kutoka nilipoketi. Nami moja nilikuwa nalo gizani, nikiwindia nyani katika nchi isiyo na nyani porini.

Niliporudi nimetapakaa vumbi, mzee alilipokea gongo, akalikagua pande zote, kisha akaniuliza taratibu sana, neno moja moja, ni wangapi niliowaua. Nililisugua kwa maji ya moto, nikazamisha maganda hadi alfajiri.

Mvinyo ule uko kwenye pipa, na juu yake mtu ameandika kwa chaki "Caçador", yaani mwindaji. Mwenzangu huapa kwamba si yeye.